Jiko la presha la umeme na mlo wa jioni wa siku za kazi: linunue kwa ajili ya maharage, si kwa ajili ya vitufe

Jiko la presha la umeme la lita sita, lile lenye mfuniko wa kuzungusha na safu ya vitufe usoni, sasa linapatikana karibu kila duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, na wauzaji hulinadi kwa sifa moja: linapika haraka. Baada ya kulitumia kwa mapishi ya siku za kazi kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, naona sifa hiyo ni ya kweli kwa vyakula vichache tu, na kwamba faida yake kubwa iko kwingine: linapika bila kuhitaji mtu wa kulisimamia. Kwa familia ambayo wazazi wote wawili hurudi nyumbani saa moja au saa mbili usiku, tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo itakayoamua kama jiko hili litatumika kila wiki au litaishia juu ya kabati likiwa limefunikwa kitambaa.

Sitataja chapa ya jiko langu. Majiko mengi ya daraja hili yaliyopo sokoni yanafanana kwa umbo, kwa nguvu ya umeme, ambayo ni wati 1,000 au karibu na hapo, na hata kwa mpangilio wa vitufe. Langu lilinigharimu chini ya laki mbili. Ninayoyasema yanahusu aina hii ya chombo, na msomaji atakayenunua chapa nyingine atakuta tofauti ndogo za dakika na za ubora wa sufuria ya ndani, lakini si tofauti za msingi.

Ugumu wa mlo wa jioni katika jiji la Dar es Salaam hautokani na watu kutojua kinachofaa kuliwa. Kila aliyewahi kukaa kliniki na mtoto ameelezwa habari za makundi ya chakula, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania imekuwa ikihimiza mikunde, mboga za majani, matunda na nafaka zisizokobolewa tangu ilipoanzishwa mwaka 1973. Shida ni saa. Anayefanya kazi Posta na kuishi Kimara, Mbagala au Goba hufika nyumbani watoto wakiwa wameshaanza kusinzia, na chakula chochote kinachohitaji saa mbili motoni kimeshajiondoa chenyewe katika orodha. Hapo ndipo chipsi mayai za jirani zinaposhinda, au wali mweupe na mchuzi wa nyanya, au chai na mkate. Jambo la kusikitisha ni kwamba chakula kinachoondolewa na saa ndicho kilicho bora na rahisi kwa bei: maharage, kunde, choroko, dengu, njugu mawe na makande. Katika nyumba nyingi vyakula hivyo vimehamishiwa Jumamosi, au vimeachiwa dada wa kazi aliyekaa na moto wa mkaa tangu saa tisa alasiri.

Jiko hili linafanya kazi kwa kanuni ile ile ya sufuria ya presha ya zamani. Mvuke ukizuiwa kutoka, maji hayachemki tena kwenye nyuzi 100 bali hupanda hadi kati ya nyuzi 110 na 118 hivi, na kwa joto hilo ganda na kiini cha punje hulainika kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Wakazi wa nyanda za juu hunufaika zaidi, kwa sababu Mbeya, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, na ndiyo maana maharage ya huko huonekana kama yamegoma. Kilichoongezwa na umeme ni kipima joto na kipima presha vinavyokata na kurudisha moto vyenyewe, pamoja na ukuta wa jiko unaohifadhi joto. Presha ikishajaa, umeme hukatika na kurudi kwa vipindi vifupi, na muda uliowekwa ukiisha jiko huacha kupika hata kama aliyelitegea yuko bafuni anawaogesha watoto.

Muda ulioandikwa kwenye kitufe, hata hivyo, si muda wa kupika, na hapa ndipo wauzaji huwachanganya wanunuzi. Kitufe cha maharage kikisema dakika 30, hesabu hiyo huanza baada ya presha kujaa, na kabla ya hapo kuna dakika kumi hadi kumi na tano za kuchemsha maji. Baada ya hapo kuna dakika nyingine kumi hadi ishirini za kuacha presha ishuke yenyewe, kwa sababu maharage yakifunguliwa ghafla hutoa povu linaloziba vali na kurusha maji ya uji ukutani. Kwa hiyo maharage ya dakika 30 ni maharage ya saa nzima. Bado ni nusu ya muda wa jiko la mkaa, pengine chini ya nusu, lakini anayefika nyumbani saa mbili usiku na kuanza na punje kavu atakula saa tatu na robo baada ya kuunga, na watoto watakuwa wamelala.

Suluhisho ni kuloweka usiku uliotangulia, jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kuambiwa na kitabu cha maelekezo. Maharage ya njano yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 12 hadi 15 za presha, na mekundu kwa dakika 15 hadi 20, ilimradi si ya msimu wa zamani. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu katika joto na unyevu hukakamaa ndani, na hakuna kitufe kitakachoyarejesha katika hali yake, kwa hiyo ukipata muuzaji sokoni anayekuambia kwa uaminifu ni ya lini, usimwache. Maji ya kulowekea yamwagwe, kwa kuwa yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, na nyanya na ndimu visubiri mpaka punje ziive, kwa sababu uchachu huzuia ganda kulainika. Chumvi inaweza kuingia mapema. Dhana kwamba huyafanya maharage kuwa magumu haina nguvu kama tunavyoamini.

Kuhusu maharage mekundu kuna jambo la usalama ambalo vitabu vya maelekezo hulipitia juu juu au kuliacha kabisa. Punje mbichi zina protini iitwayo lektini, ambayo isipoharibiwa kwa mchemko wa nguvu husababisha kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Presha huiharibu bila shida. Lakini majiko mengi ya aina hii yana pia kitufe cha kupika polepole, ambacho hukaa kwenye joto lisilofikia mchemko kwa saa nyingi, na joto hilo haliiharibu lektini, bali linaweza kuiacha ikiwa kali zaidi. Mtu anayetega maharage mekundu asubuhi kwa kitufe hicho ili ayakute jioni anajitafutia usiku mbaya. Kwa upande wangu kitufe hicho ni kama hakipo.

Kitufe cha kuchelewesha kuanza ndicho kinachowavutia watu wa ofisini, na nakubali kwamba wazo lake ni zuri: unatega asubuhi, jiko linaanza lenyewe saa kumi na moja jioni, unafika chakula kimeiva. Kwa choroko au dengu kavu zilizo ndani ya maji ya baridi, na kwa mchele, nimelitumia bila wasiwasi mkubwa. Kwa nyama au kuku, hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na joto la jiko la nyumba ya Dar es Salaam mwezi Februari si la kawaida kwa kipimo chochote. Hata maharage yaliyokwisha kulowekwa, yakiachwa ndani ya maji hayo hayo mchana kutwa, huanza kuchacha na kutoa mapovu. Kama kuna friji, maharage yaliyolowekwa na kuchujwa yakae humo, na jiko liwashwe na mtu aliyefika kwanza nyumbani, ambaye anaweza kuwa kijana wa kidato cha pili aliyefundishwa vizuri kufunga mfuniko.

Tuje kwenye gharama, kwa sababu hofu kubwa ya wenye nyumba ni kwamba jiko la umeme litamaliza uniti. Jiko la wati 1,000 likiwaka mfululizo kwa saa nzima lingekula uniti moja kamili, lakini hili haliwaki mfululizo. Huwaka kwa nguvu zote wakati wa kujaza presha tu, kisha hugusagusa. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haifikishi nusu uniti kwenye mita yangu. Kwa mteja wa nyumbani wa kundi la kawaida, ambaye uniti moja humgharimu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 180 kwa sufuria inayolisha watu sita na kubaki. Mkaa wa kupikia sufuria hiyo hiyo haupatikani kwa bei hiyo popote ninapopajua mjini. Walio katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, wana hesabu nyingine ya kufanya: uniti zao ni nafuu sana, lakini wakivuka ukomo, zinazozidi hutozwa bei ya juu. Nusu uniti kila siku ni uniti 15 kwa mwezi, na mwenye friji, pasi na televisheni anapaswa kujua kama nafasi hiyo anayo.

Umeme wenyewe nao ni sehemu ya tathmini. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuingizwa kwenye gridi mwaka 2024, mgawo ule wa kukatiwa kwa ratiba umepungua, lakini kukatika kwa muda mfupi na umeme kuwa mdogo saa za jioni bado kupo katika mitaa mingi. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, jiko hukaa na presha yake kwa muda na chakula huendelea kuiva kidogo, ila majiko mengi ya bei hii hayakumbuki yalipoishia. Umeme ukirudi, ni lazima mtu ayatege upya. Kwa hiyo mtungi wa gesi haufukuzwi jikoni. Serikali yenyewe, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 na unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, imeyataja gesi na umeme kwa pamoja, na uzoefu wa jikoni unakubaliana na hilo. Jambo moja zaidi: jiko hili lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyepesi inayobeba pia friji na birika la umeme haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Sasa vyakula ambavyo jiko hili halivimudu, ambavyo ni vingi kuliko matangazo yanavyokiri. Ugali hauwezekani, unahitaji mkono na mwiko na moto unaouona. Samaki wa kuchemsha huvurugika kabla hujajua muda wake, na isitoshe samaki mbichi aliyesafishwa huiva kwa dakika kumi kwenye sufuria yoyote. Kuku wa kisasa huachana na mifupa yake baada ya dakika 12 na kugeuka nyuzi, ingawa kuku wa kienyeji aliyekomaa, ambaye kwenye gesi humaliza saa moja na nusu, hutoka laini na mwenye mchuzi mzito baada ya dakika 35. Mchicha, matembele na chainizi havina sababu ya kuingia kwenye presha hata kidogo: huiva kwa dakika tatu au nne kwenye kikaango, na vikipita hapo hupoteza rangi na sehemu kubwa ya vitamini C. Kisamvu ni suala la pekee, kwa kuwa majani ya muhogo hutoa sumu ya sianidi inayopaswa kutoka na mvuke. Mimi hukichemsha kwanza kikiwa kimetwangwa, kwenye sufuria iliyo wazi, namwaga maji, ndipo kinapoingia kwenye jiko kumalizia ulaini wake pamoja na karanga.

Wali hutoka vizuri ukizoea kupunguza maji. Kwa kuwa mvuke hautoki, kikombe kimoja cha mchele hutaka kikombe kimoja na robo cha maji, si viwili. Wali wa nazi huleta shida kidogo, kwani tui zito hushika chini, jiko hutambua joto limezidi na kuzima kabla presha haijajaa. Dawa ni kutumia tui jepesi na kumimina zito baada ya kufungua. Pilau inawezekana, hata kukaangia vitunguu na viungo humo humo kwa kitufe cha kukaangia, lakini sijaona aliyekula pilau hilo akalisifu kama la sufuria na makaa juu ya mfuniko, na sitarajii kumwona.

Kutokana na hayo, wiki ya familia yenye kazi haipangwi kwa kulifanya jiko hili lipike kila kitu kila siku. Linapewa kazi moja nzito, na jioni inabaki na kazi nyepesi. Jumapili mchana, wakati nguo zinaanikwa na watoto wanamalizia kazi za shule, jiko huendeshwa mara mbili mfululizo: kwanza maharage, kisha nyama ya mifupa au makande. Maharage hayaungwi siku hiyo. Hugawanywa yakiwa meupe, yaani yamechemshwa kwa chumvi kidogo tu, katika vyombo vyenye kipimo cha mlo mmoja. Cha Jumatatu hukaa kwenye friji, vinavyobaki huingia kwenye friza. Kuyaacha bila kuungwa ni uamuzi wenye faida kubwa, maana sufuria hiyo moja Jumatatu huwa maharage ya nazi, Alhamisi huwa ya kukaangia na vitunguu na karoti ya kukwaruza, na hakuna mtoto anayelalamika kwamba amelishwa kiporo.

Jumatatu, basi, mtu anayefika saa moja na nusu anakuta chakula kilichobakiza dakika ishirini na tano: maharage yanaungwa kwenye jicho moja la gesi, ugali wa dona unasongwa kwenye jicho la pili, na mboga zilizochambuliwa jana yake zinakaangwa mwishoni wakati sahani zinapangwa. Dona kwa sababu pumba na kiini cha mahindi, ambavyo sembe imeviacha mashineni, ndivyo vyenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Nusu ya ndimu hukamuliwa juu ya maharage au mboga mezani, si kwa ladha pekee, kwani vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mikunde na majani, ilhali chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Kuihamisha chai ikanywewa saa moja baada ya mlo ni badiliko lisilogharimu hata senti, ingawa nyumbani kwetu ndilo lililozua mjadala mrefu kuliko jiko lenyewe.

Jumanne haihusu jiko hili: ni siku ya samaki au mayai, bamia na nyanya chungu kutoka gengeni, na viazi vitamu au wali. Jumatano, siku ambayo uchovu wa wiki huanza kuonekana, ni ya choroko au dengu, na ndiyo siku ambayo neno haraka linastahili. Choroko hazihitaji kulowekwa. Zinaoshwa, zinawekewa maji mara mbili na nusu ya ujazo wake, kitunguu kizima na tangawizi, na kwa dakika kumi za presha zimeiva. Ukihesabu kupanda na kushuka kwa presha ni dakika 35 tangu kuingia mlangoni, na katika dakika hizo umeoga, umekagua madaftari na umepika wali. Sijui chakula kingine cha siku ya kazi chenye protini kiasi hicho, kwa bei hiyo, kinachodai uangalizi mdogo namna hiyo. Alhamisi hutolewa kitu friza. Ijumaa hujipanga yenyewe, na nyumba inayoamua kula chipsi kuku Ijumaa, baada ya kula vizuri siku nne, haijafanya kosa lolote.

Mpango huu una sharti moja ambalo jiko haliwezi kulitimiza kwa niaba ya mtu, nalo ni kwenda sokoni mara moja kwa wiki ukiwa umeshaamua mtakula nini. Mboga za majani haziwezi kungoja wiki nzima, na genge la mtaani lipo kwa ajili hiyo. Lakini mikunde, nyama, vitunguu, karoti na matunda vinaweza kununuliwa Ilala, Tandika au Mabibo Jumamosi asubuhi kwa bei ambayo genge haliwezi kukupa. Bila hatua hiyo, jiko hubaki kuwa chombo kizuri kisicho na cha kupika.

Chumvi na viungo vya pakiti vinahitaji tahadhari kwenye jiko hili kuliko kwenye sufuria ya wazi. Mchuzi haupungui kwa kuchemka, kwa hiyo wapishi wengi huona umepwaya na kuongeza vibonge viwili vya supu, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Njia bora ni kupunguza maji tangu mwanzo, kisha kuuacha mchuzi uchemke dakika tano mfuniko ukiwa wazi kwa kitufe cha kukaangia. Ladha hujikusanya yenyewe, na kitunguu saumu na pilipili hoho vinamalizia.

Kwa upande wa usalama, mama mkwe wangu, aliyepikia kuni maisha yake yote, bado hupita mbali na jiko linapofoka mvuke na kunionya, "Mwanangu, hilo lisije likakulipukia." Simlaumu, kwa kuwa sufuria za presha za zamani ziliwahi kuumiza watu. Majiko ya sasa yana kufuli ambalo haliruhusu mfuniko kuzunguka kidude kidogo cha chuma kikiwa kimepanda, na vali ya akiba inayofunguka presha ikizidi. Hatari iliyobaki ni ya mtumiaji: kujaza kupita theluthi mbili za sufuria, au kupita nusu kwa vyakula vinavyovimba kama maharage na makande, kuweka mkono juu ya tundu la mvuke, na kuacha mabaki ya maganda ndani ya vali. Ninaitoa na kuiosha kila baada ya maharage, kazi ya dakika moja.

Mpira wa mfuniko ndio udhaifu ninaoulalamikia zaidi. Hushika harufu, na uji wa lishe uliopikwa asubuhi baada ya dagaa wa jana yake ni jambo ambalo watoto hawatakusamehe. Ni busara kuwa na mipira miwili, mmoja wa vyakula vitamu na mwingine wa mchuzi. Mpira huo pia hulegea kwa matumizi, na ukilegea presha haijai. Sufuria ya ndani nayo, katika majiko ya bei nafuu, imepakwa rangi isiyoshika chakula ambayo stilwaya na vijiko vya chuma huikwangua ndani ya miezi michache, kwa hiyo anayeweza kuongeza fedha achague yenye sufuria ya chuma cha pua. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anauza mpira na sufuria ya akiba ya jiko hilo hilo. Nimeona watu wakibaki na mtambo mzima unaofanya kazi na kukosa kipande cha mpira cha kuufungia.

Kwa familia ya watu wanne hadi sita lita sita zinatosha, kwani nusu yake, lita tatu za maharage yaliyoiva, ni milo miwili. Familia kubwa zaidi iangalie lita nane, ikikumbuka kwamba sufuria kubwa huchukua muda mrefu zaidi kujaza presha. Anayeishi peke yake, au nyumba isiyopenda mikunde, ambayo milo yake ni samaki, mayai na wali, itapata faida ndogo mno kulingana na bei. Kwao jiko la gesi la majicho mawili na kikaango kizuri vinatosha. Vitufe vya keki, maziwa mgando na mengineyo visimshawishi mtu kulipa zaidi. Katika jiko langu vitatu ndivyo vinavyotumika, cha maharage, cha kukaangia na kile cha kuweka muda kwa mkono, na hicho cha mwisho peke yake kingeweza kufanya kazi ya vyote vya presha.